Nani Alimwita kwenye Theluji

Ilikuwa Ijumaa, tarehe tisa Januari, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Saa hiyo mimi na mume wangu tulitoka kwenye handaki la mlima wa Too-Ashuu, upande unaoshuka bonde la Suusamyr. Mpaka saa hiyo nilikuwa mke wa mtu.

Nasimulia polepole. Mnivumilie.

Safari yenyewe ilikuwa ya heri. Binti yetu Aizirek alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza kule bondeni, na kwetu bibi wa upande wa mama ndiye anayepeleka susu, kitanda cha kumbembelezea mtoto. Lilikuwa nyuma ya gari, la mbao, lenye maua mekundu, limezungushiwa blanketi.

Kabla ya kupanda mlima tulipita kwa Jekshen, fundi tairi wa Kara-Balta. Gari letu ni la Kijapani, magurudumu yote manne yanavuta, na mume wangu alilipenda kama farasi. Lilikuwa bado na tairi za kiangazi. Za theluji tulikuwa nazo nne, lakini mbili alimwazima mdogo wake anayezungusha maziwa vijijini.

"Funga hizi mbili mbele," mume wangu akasema. "Gari linavuta kotekote. Za mbele zitashika, za nyuma zitafuata kama kondoo."

"Kondoo wako wa nyuma wamevaa viatu vya harusini," nikamwambia. "Tungoje kesho, tuzipate zile mbili."

"Na leo mjukuu alale wapi, mfukoni kwangu?"

Jekshen alicheka huku akisukuma jeki. "Shemeji, huyu hasikii mpaka aitwe kwa jina lake. Mwite!"

"Mwite wewe, una mdomo."

"Temirkul weee!" Jekshen akapaza sauti mpaka mbwa wa jirani akabweka. "Umeona? Rahisi hivyo."

Kwao rahisi. Mimi niliolewa katika ukoo unaoshika mila, na mke hatamki jina la mumewe, wala la baba mkwe, wala la shemeji mkubwa. Na si jina tu. Temir kwa lugha yetu ni chuma, kwa hiyo chuma nacho sikukiita chuma. Nilisema "kile kigumu". Siku hiyo nilimuuliza Jekshen kama rimu zetu za kile kigumu hazijapinda, na wale vijana waliokuwa wakinywa chai pale gereji wakacheka hadi machozi. Mume wangu alicheka pia, halafu akanitazama.

"Tangu nikuoe sijasikia jina langu kinywani mwako," akasema. "Linatokaje, sijui."

"Litatoka kama la watu wengine. Lipa twende."

Jekshen akainama ndani ya gari kuliangalia susu. "Hili nalo linafanya kazi?" Akalisukuma kwa kidole.

Tak... tak...

Nilimpiga mkono. Susu tupu halitikiswi. Hata mtoto mdogo anajua hilo.

"Unambembeleza nani humo?" nikamuuliza.

"Astaghfirullah, shemeji. Utani tu."

Tukafungua viganja, tukaomba dua ya safari, tukajipangusa nyuso. Tukaondoka.

Kupanda hakukuwa na shida. Gari lilikwea kama mbuzi, na mume wangu akaimba. Ndani ya handaki palinuka moshi wa malori. Tulipotoka upande wa pili, upepo ulikuwa umeifuta barabara. Kila kitu kilikuwa cheupe, na weupe wenyewe ulikuwa unaanza kuwa wa buluu, kwa sababu jua lilikuwa limeshuka nyuma ya vilele.

"Magharibi tutaisalia kwa Aizirek," akasema.

Gari linapopanda, magurudumu manne yanakupa kiburi. Linaposhuka, hayakusaidii. Unabaki na breki na mpira ulionao.

Kwenye kona ya tatu alikanyaga breki kidogo tu. Tairi za mbele zilishika. Za nyuma hazikufuata kama kondoo. Nyuma yote ya gari ilikuja kwa ubavu, ikitaka kutupita. Niliona ukuta wa theluji, nikaona mbingu, nikaona korongo.

Kisha kimya.

Tulikuwa tumesimama tukitazama tulikotoka. Mkia wa gari ulikuwa umepita ukingo wa barabara, na chini ya gurudumu la nyuma hapakuwa na ardhi ya kutosha.

"Usitikisike," akaninong'oneza. "Nateremka kuchimba, niweke mchanga. Wewe kaa hapohapo. Uzito wako ndio unaolishika. Ukishuka linaweza kurudi nyuma, na mimi nitakuwa chini yake."

"Leo ndiyo unausifu uzito wangu?"

"Siku zote nausifu, bibi kizee wangu. Kimoyomoyo."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia.

Alichukua beleshi, akafunga mlango taratibu. Vioo vilishaganda. Sikuona kitu. Nilisikia tu, nyuma yangu...

Krch... krch... Akapumua. Krch...

Nikaanza kumtaja Mungu kwa tasbihi. Ndani ya gari palinuka sufu iliyolowa. Halafu, sijui ni baada ya muda gani, harufu ikageuka. Maziwa. Maziwa yaliyoungua chini ya sufuria. Tulikuwa hatuna maziwa.

"Temirkul..."

Sauti ya mwanamke. Haikutoka nyuma alikokuwa akichimba. Ilitoka mbele, ng'ambo ya kona.

"Temirkul, njoo."

Nina kikohozi kidogo ambacho hunitangulia kila ninapotaka kuita mtu kwa mbali. Nilikisikia kikohozi hicho.

Ilikuwa sauti yangu.

Nikamsikia mume wangu akicheka. Si kicheko cha mzee. Kilikuwa cha chini, cha aibu, kama cha kijana aliyeshikwa mkono na msichana kwa mara ya kwanza.

"Umesemaje?" akauliza. "Hebu rudia."

"Temirkul..."

"Mzee!" nikapiga kelele. "Baba Aizirek! Si mimi! Mimi nimo ndani!"

Upepo ulikuwa mkali na vioo vimefungwa; hakunisikia. Nikashika kitasa cha mlango. Nilikuwa tayari kushuka.

Krch... krch...

Beleshi. Nyuma yangu, palepale penye gurudumu.

Nikashusha pumzi. Alhamdulillahi, hajaenda. Yupo chini ya gari. Nikiteremka sasa nitamuua kwa mkono wangu mwenyewe. Nikakiachia kitasa. Nikasoma Ayatul Kursiyu, nikairudia, nikairudia tena, na beleshi likaendelea.

Krch... krch... krch... krch...

Liliendelea sawasawa. Hapo ndipo moyo wangu ulipoanza kushuka. Mume wangu alikuwa mtu mzima, na kifua chake kilikuwa kibovu tangu ujana wake migodini. Kwenye mlima ule hata kijana huchimba kidogo akaegemea mpini. Huyu aliyekuwa nyuma yangu hakuegemea. Hakupumua.

"Mzee?" nikaita.

Krch... krch...

"Baba Aizirek, nijibu."

Krch... krch...

Mila ni mila, lakini nilikuwa nimebakiwa na neno moja tu. Ulimi ulikuwa mzito kama si wangu. Nikalitamka, mara ya kwanza tangu niingie katika nyumba yao.

"Temirkul."

Beleshi likanyamaza.

Hata upepo nao ulinyamaza, au masikio yangu yaliziba. Harufu ya maziwa ikajaa garini. Na nyuma ya kiti changu, chini ya blanketi...

Tak... tak... tak...

Sikugeuka. Namshukuru Mungu sikugeuka. Kitu kilikohoa kidogo karibu na sikio langu, kikohozi changu mwenyewe, kisha kikaninong'oneza kwa sauti yangu mwenyewe:

"Ameshaitika."

Walionikuta ni watu wa barabara, na mtambo wao wa kuondoa theluji. Mkubwa wao anaitwa Sydyk, mtu wa makamo, mpole. Walilifunga gari kwa waya lisisogee, ndipo wakanitoa kwa mlango wa dereva, wakanibeba mpaka kwenye mtambo. Sydyk akazunguka na tochi, akarudi amevua kofia, nami nikajua.

Mume wangu alikuwa ng'ambo ya kona, ameketi kwenye theluji kama mtu aliyeketi mbele ya chakula. Koti lake alikuwa amelivua na kulikunja vizuri pembeni. Kinywa kilikuwa wazi kidogo.

Daktari alisema baridi ikimzidi mtu humfanya aone joto, akavua nguo. Akasema pia kwamba mlimani hewa ni haba na masikio hudanganya. Ni mtu msomi, simbishii. Imamu wetu alisema majini ni viumbe kama sisi, wengine wema na wengine waovu, na anayejua zaidi ni Mwenyezi Mungu. Bibi mmoja mazishini akataja jina la yule pepo wa kike mwenye nywele za manjano anayewavizia wanawake waliojifungua na watoto wachanga. Wenzake wakamfunga mdomo.

Lakini kuna mambo mawili ambayo daktari hakuyaona.

Beleshi lilikutwa limesimikwa wima penye gurudumu. Pale palikuwa pamechimbwa kidogo tu, kazi ya mtu aliyechota mara chache akaacha. Basi nilichokisikia muda wote ule kilikuwa kinachimba nini?

La pili ni lile aliloniuliza Sydyk, wenzake wakiwa mbali.

"Dada, wewe ulishuka garini?"

"Sikushuka."

"Hata kidogo? Labda umesahau, kwa mshtuko."

"Wallahi sikushuka. Aliniambia nisishuke."

Akamulika miguu yangu. Kiatu changu cha kushoto kilitoboka mwaka uliopita, na mume wangu alikiziba kwa kipande cha tairi kuukuu, chenye mifereji ya mshazari. Sydyk alikitazama kwa muda mrefu. Kisha akamulika chini, kando ya mlango wangu.

Kwenye theluji palikuwa na nyayo za mwanamke. Zilianzia mlangoni kwangu, zikaenda moja kwa moja hadi kwenye kona. Za mume wangu zilikuwa nyuma yake, zikizifuata. Na kila wayo wa kushoto ulikuwa na mifereji ya mshazari.

Kiatu changu kilikuwa kikavu.

Sydyk akazima tochi. Akazifuta nyayo zile kwa buti lake, moja baada ya nyingine, kuanzia mlangoni mpaka alipotoweka gizani.

"Binti yako asije akaziona," akasema aliporudi.

Susu nililichoma moto kabla ya arobaini ya mume wangu. Mkwe alinunua jingine sokoni, na mtoto hajambo, anakua, Mungu amkuze. Watu huniambia nishukuru, nami nashukuru.

Ila jioni, nikishamaliza Magharibi, mtu husimama nje ya lango langu. Mbwa habweki. Theluji hulia chini ya miguu yake, kisha hutulia. Huniita.

"Burulcha..."

Sauti ni ya mume wangu. Ni yake kabisa, ina hata ule mkwaruzo wa kifua. Lakini mume wangu, maisha yake yote, aliniita bibi kizee, au mama Aizirek. Sijawahi kumsikia akiniita Burulcha.

Kuna jioni moyo hutaka kuitika. Nami hubaki juu ya mswala, nikafungua viganja, nikasema kwa sauti inayofika langoni:

Ewe Mola, mghufirie mja wako aliyetoka kumpelekea mjukuu wake mahali pa kulala. Mpanulie kaburi lake, ulitie nuru, umwondolee baridi. Mlinde asiitwe tena na yeyote ila malaika wako. Na mimi nilinde na kila anayeijia nyumba hii kwa sauti yake, mpaka siku utakayonikutanisha naye mwenyewe. Amina.