Ukurasa Mmoja Kila Siku

Fatin alikuwa akipiga pasi kanzu za marehemu mumewe, za kutoa sadaka, binti yake Dalal alipokuja kusimama mlangoni.

"Mama, kompyuta ya baba imevuta kurasa."

"Waya wa simu nimeuchomoa tangu msiba."

"Najua. Imevuta tu."

Ilikuwa kompyuta ndogo ya kiganjani. Mumewe, Marhoun, alikuwa amejiandikisha kwenye chaneli za habari. Kila alfajiri akiikalisha kwenye kitako chake kilichoungwa na kompyuta kubwa, ikivuta kurasa mpya za intaneti, naye akazisoma kila akipumzika njiani baina ya nyumbani Ibra na Sur, huku Oman. Mama yake, Bi Mahfudha, akimtania, "Huyo ndiye mke mkubwa." Sasa ilikuwa siku ya ishirini tangu mafuriko ya wadi, bonde kavu lisilo na maji ila ikinyesha mvua, yalipolichukua gari lake karibu na Al Kamil. Fatin aliuona uso wake ndani ya sanda.

Dalal alimwonyesha. Chaneli mpya, jina lake Marhoun. Ukurasa wenye neno moja: Al Kamil.

Fatin alimaliza kwanza mkono wa kanzu.

Kesho yake ukurasa ulisema Bidiya. Siku ya tatu, Al Qabil, kila siku mji mmoja karibu zaidi na nyumbani. Kila mara kitako kililia ti, na chumba kizima kikanuka tope bichi. Fatin alipiga deki, akafungua madirisha, akapiga deki tena. Kuhama hakuweza, yumo edani, na eda hukaliwa nyumba hiyo hiyo. Akampigia simu Maalim Thuwaini.

"Mumeo yuko kaburini, Bi Fatin," alisema maalim kwa sauti ya chini. "Huyo ni jini wa wadi, kavaa jina lake. Akikaribishwa ndani hatoki, na huanza na watoto. Ifute hiyo chaneli. Na akipiga hodi, asiitikie mtu. Hodi tatu zisizoitikiwa, atarudi alikotoka."

Fatin akawaambia wote. Bi Mahfudha aliapa kwa msahafu kuwa hataitikia.

Baada ya magharibi, wali ukiwa jikoni, Fatin alibonyeza kufuta. Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika. Akabonyeza ndiyo.

"Bado, mama," Dalal alinong'ona. "Haifutiki mpaka uikalishe kitakoni."

"Na nikiikalisha?"

"Kwanza itavuta ya leo."

Fatin aliikalisha. Ti. Ukurasa ukasema: Mlangoni. Kisha chaneli ikatoweka.

Hodi ya kwanza ilikuja wakati ule ule, ya upole. Shahad, mdogo wake Dalal, akafungua kinywa, na Dalal akamziba. Hodi ya pili ilikuja na ile harufu ya tope, ikapita chini ya mlango, ikapanda kwenye mapazia na kwenye kanzu zilizokunjwa, na Fatin akasimama na mwiko mkononi akiitambua sauti ile, namna ilivyokuwa ikikwaruza kidogo mwishoni mtu wake akirudi na uchovu wa njia, akajiambia bado moja, bado moja tu, na hodi ya tatu ikaja ndogo, kama ya mtu anayeona haya kusumbua, na Bi Mahfudha, ambaye kwa miaka sabini hajapata kuacha hodi ya mtu bila jibu, Unguja wala hapa, akasema kabla hajajua kama amesema:

"Karibu, mwanangu."

Komeo likajifungua.

Wali ulikuwa unaungua. Fatin aliuepua, akapakua kwenye sinia, akapanga samaki juu. Walikaa wote. Maji yalichuruzika kwenye pindo la kanzu yake yule mgeni, yakaloanisha mkeka. Hakusema bismillahi. Alimegea Shahad kipande cha samaki kisicho na miiba, kama alivyokuwa akifanya baba yake.

"Tupo sote?" aliuliza Bi Mahfudha, asiinue macho.

Fatin alihesabu. Bibi, Dalal, Shahad, yeye. Watano.

"Tupo sote, mama," alisema, akamsogezea ndimu.