Harufu Iliyohama

Siku ya kwanza alidhani ni mafua. Aliinamisha uso kwenye mkunjo wa kiwiko cha kushoto, akavuta pumzi, hakukuta kitu. Akahamia cha kulia. Hakuna. Ilikuwa kama kunusa glasi iliyosuuzwa.

Mtu mwingine asingeshtuka, maana nani hushinda ananusa viwiko vyake? Lakini huyu kazi yake ilikuwa pua, na pale dukani walimwita hivyohivyo, Pua, mpaka wengine wakasahau jina alilopewa na wazazi. Lilikuwa duka la manukato. Kila chupa mpya ilipoingia, Pua aliyavaa manukato yake kutwa nzima, kisha akaandika kadi ya kuwekwa mbele ya chupa ili mteja ajue anachonunua. Hakuwa mtu wa kuremba maneno. "Asubuhi yanaringa, saa sita yamechoka, jioni yananuka daftari jipya," aliandika kuhusu chupa moja ya bei mbaya, na mwenye duka akanuna siku mbili. Kuhusu nyingine aliandika: "Ukiyavaa utadhani umewahi kuanua nguo kabla mvua haijashuka. Nililia kidogo, sijui kwa nini." Hiyo iliisha ndani ya wiki.

Pua yake ilipochoka, aliipumzisha kwenye kiwiko. Hapo hakupaka kitu hata siku moja. Palikuwa na harufu yake mwenyewe tu: ngozi, jasho kidogo, na maziwa, kwa kuwa alikuwa akinyonyesha binti wa miezi kumi. Akiivuta mara moja, pua inarudi kazini ikiwa safi.

Ila jana yake alikosea. Chini ya sanduku la mzigo kulikutwa kichupa kisicho na lebo, kizibo kimefunikwa kwa nta. Alipaka kwenye kifundo cha mkono, kimya. Shingoni, kimya. Mafuta yalikuwa mazito na ya uvuguvugu lakini hayanuki chochote, na ubishi wa kazi ukampanda kichwani. Akayapaka pale pasipopakwa, viwiko vyote viwili, akisema, "Hapa huniponyoki." Kwenye kadi akaandika: "Hayanuki. Lakini ukiyavaa unahisi kuna mtu anakunusa." Akacheka peke yake, akafunga kabati, akaenda zake nyumbani.

Sasa, jioni ya siku ile ya mafua yasiyo mafua, alimkuta mama mkwe wake sebuleni anakunja nguo. Nyumba ilikuwa yao wawili na mtoto. Mume, fundi umeme, alikuwa na kazi mji mwingine hadi mwisho wa mwezi.

"Umerudi tena?" mama mkwe aliuliza bila kuinua kichwa. "Si umepita sasa hivi ukaingia stoo?"

"Mimi? Ndiyo kwanza naingia, mama."

"Haya basi, uzee huo. Na kweli sikukuona. Nimesikia tu harufu yako ikipita."

Stoo ilikuwa chumba cha mwisho kwenye korido, chenye ndoo, feni iliyokufa na magunia ya nguo za zamani. Pua alifungua mlango, na harufu yake mwenyewe ikampiga usoni. Ngozi, jasho kidogo, maziwa. Ilikuwa nzito, ya mtu aliyeshinda humo tangu asubuhi. Hakukuwa na mtu. Alirudisha mlango taratibu, kama aliyefungua choo akamkuta mwenyewe ndani.

Alipomweka mtoto kifuani, mtoto alinusa, akageuza uso, akajikaza mwili mzima na kulia. Alimtazama mama yake kama abiria wa kiti cha jirani. Akateleza hadi sakafuni, akatambaa kuifuata korido, na alipofika mlango wa stoo akaukwaruza kwa vidole, akicheka.

"Meno hayo yanamsumbua," alisema mama mkwe, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

Kesho yake Pua alifungasha nguo akaenda na mtoto kwa dada yake. Tangu getini mtoto alipiga kelele, akakataa ziwa, akakataa chupa, akakataa kijiko, na baada ya usiku na mchana wa namna hiyo midomo ilikuwa imekauka na kilio kimebaki mkwaruzo tu, hata dada mtu akasema kwa woga, "Mrudishe, mwenzangu, huyu atatufia mkononi." Akamrudisha. Mtoto alinyonya mara tu walipoingia stoo, na popote pengine hakunyonya.

Kuanzia hapo Pua hakwenda kazini, wala hakuvuka korido isipokuwa mtoto amelala. Alikaa sakafuni juu ya gunia, mchana kweupe, mgongo ukiielekea kona, kwa sababu mtoto alitaka kutazama huko, na kila alipokaa alisikia gunia la nyuma yake likibonyea polepole kama linavyobonyea mtu anapokaa, kisha harufu yake mwenyewe ikamsogelea, ikapita begani, ikatulia kwenye kisogo pamoja na pumzi fupifupi za kitu kinachonusa, kinasita, kinanusa tena, huku mtoto akinyonya bila haraka, macho yake juu ya bega la mama, akimtabasamia mwingine.

"Mama," alinong'ona siku ya tano, mama mkwe alipomletea maji mlangoni. "Nikitoka humu analia. Nikikaa, kinanikaribia. Leo kimenishika nywele."

"Kimekushikaje, mwanangu?"

"Kama ninavyozishika za mtoto ninapombembeleza. Kinajifunza, mama. Kikishamaliza kujifunza, mimi nitakuwa wa nini?"

Mama mkwe aliweka maji chini. Alichukua mtandio akatoka. Saa nne asubuhi alirudi na tabibu, mwanamke wa makamo mwenye mkoba na viatu vya raba, mwepesi kama fundi aliyekuja kukagua mabomba.

"Mimi sisikii harufu tangu nilipougua utotoni," alisema akivua viatu. "Ndiyo maana kazi hizi wananiitia. Viumbe hawa hawana cha kunidanganyia."

Aliingia stoo peke yake, akafunga mlango. Walimsikia akizungumza, akinyamaza, akizungumza. Alitoka uso umemlegea.

"Ni jini, na halikutaki wewe," alimwambia Pua kwa sauti ya chini. "Linamtaka mtoto. Na mtoto humfuata mwenye harufu ya mama. Ulipopaka yale mafuta ulilifungulia mlango, likaichukua harufu yako, likaivaa."

"Litoe."

"Kulitoa naweza. Lakini halitoki uchi. Likitoka linatoka na hiyo harufu yako, na haitarudi tena. Mtoto atakukuta huna kitu anachokijua."

"Na lisipotoka?"

"Litaondoka naye. Halitayahitaji maziwa yako kwa siku nyingi."

Pua aliogopa, akaona uchungu, na akaona wivu pia, wivu mkali wa mtu aliyeporwa mlangoni kwake. "Litoe," alisema. "Atanizoea sura. Atanizoea sauti. Si atanizoea?"

"Huenda," tabibu alijibu, na Pua alimshukuru kwa kutomdanganya.

Tabibu alifungua milango yote kuanzia stoo hadi barabarani, jua likaingia mpaka kwenye zulia, akamwambia Pua amkumbatie mtoto na asimwachie, liwalo na liwe, kisha akarudi kule ndani na kusema jambo moja kwa ukali, na ndoo zikaanguka, na harufu ikaja korido nzima, ngozi na jasho na maziwa, ikasimama mbele ya Pua kwa muda wa pumzi tatu, karibu kiasi kwamba alihisi joto lake kwenye midomo, kisha ikampita, ikashuka ngazi, ikatoka getini, na mwisho wa harufu hiyo ukampita puani kama mwisho wa nguo ndefu.

Nyumba ikawa haina kitu. Mama mkwe alikaa chini akilia.

Mtoto ndiye aliyekuwa akipigana. Alinyoosha mikono yote miwili kuelekea barabara isiyo na mtu, akimsukuma Pua kwa magoti, na yeye ambaye hadi siku hiyo hakuwa ametamka neno, alilitamka likasikika hadi kwa majirani: "Mama! Mama!"

"Nipo, mwanangu," Pua alisema, akimkaza. "Nipo hapa. Mama yako nipo hapa."

Mtoto hakugeuka.