Sala ya Saa Saba

Kila alfajiri, kabla mama yake hajamaliza kuvaa, Ivyne alikuwa amekwisha kuwasha jiko na kubandika chai. Walikaa wawili tu katika chumba chao mtaani Kabiria, Nairobi. Mama yake, Peres, alikuwa akipiga deki ofisi za jengo moja katikati ya jiji. Ivyne alisoma Gredi ya Saba katika shule iliyokuwa upande wa Waithaka.

Mwezi wa tano, baba yake, Dalmas, alitoka asubuhi kwenda kujenga nyumba katika mtaa wa Karen. Mbao alizokuwa amesimama juu yake zikavunjika, akaanguka. Walimzika nyumbani kwao kijijini, Ugenya, kisha wakarudi Nairobi bila yeye.

Tangu hapo, kila Mama alipojiandaa kwenda kazini, kifua cha Ivyne kilibana na viganja vikalowa jasho. Moyo ulimwambia kwamba huyu naye hatarudi. Hakujua jinsi ya kulisema jambo hilo, kwa hiyo alisema tumbo linamuuma. Mama akabaki naye nyumbani. Juma lililofuata tumbo likauma tena, na Mama akabaki tena. Siku Ivyne aliposema linauma kwa mara nyingine, Mama alimtazama kwa muda mrefu.

"Vaa sweta," alisema. "Leo tunaenda pamoja. Ukizidiwa nitakupeleka hospitali huko mjini."

Kazini, Ivyne aliketishwa kwenye kijichumba cha ndoo na mifagio. Kupitia mlango uliokuwa wazi nusu, alimsikia Wamucii, aliyefanya kazi na Mama, akinong'ona.

"Mama Ivyne, msimamizi amesema ukikosa tena, nafasi yako anapewa mtu mwingine."

"Nimesikia, dada. Nifanyeje na mtoto ni mgonjwa?"

Ivyne aliinamisha kichwa.

Ilipofika saa saba mchana, wafanyakazi wengine walifungua vyakula vyao. Mama alimshika Ivyne mkono, wakavuka barabara hadi kanisa lililofanya ibada ya saa ya chakula cha mchana. Ndani walikuwamo watu wa kila namna: askari wa lango akiwa na sare yake, wanawake wa ofisini, mchuuzi aliyeweka mzigo wa soksi miguuni pake. Wengi walikuwa wamefumba macho. Mama alipiga magoti, na Ivyne akapiga magoti kando yake.

"Bwana Yesu, naogopa," Mama alinong'ona. "Simu ikilia, naogopa. Nikimwacha mtoto, naogopa. Dalmas ameniachia mzigo wa nyumba nzima na nguvu zangu zimekwisha. Nishike hadi jioni tu. Kesho nitakuja tena."

Machozi yalimtiririka bila sauti. Ivyne alishtuka. Tangu mazishi hakuwahi kumwona Mama akilia, na alidhani ni yeye peke yake aliyekuwa akiteseka.

Walipotoka nje, Ivyne alisimama kwenye ngazi.

"Mama, tumbo haliumi. Halijawahi kuuma. Nilitaka tu usiende."

Mama hakumkaripia. Aliketi ngazini na kumvuta karibu.

"Nilishuku, mwanangu. Sikukuuliza kwa sababu niliogopa jibu lako." Alifuta uso kwa kiganja. "Unajua kwa nini nakuja hapa saa saba? Ndiyo saa niliyopigiwa simu kuhusu baba yako. Ikifika, mwili wote hutetemeka. Mwanzoni nilikuwa najificha chooni. Sasa nakuja kumwambia Mungu, kisha narudi kupiga deki."

"Halafu hofu inaisha?"

"Inapungua. Inaniacha nipumue."

Kesho yake Ivyne alirudi shuleni. Saa saba, wenzake walipokimbilia chakula, alikumbuka ile simu, kifua kikabana. Alikwenda nyuma ya darasa, akaegemea ukuta, akasema, "Bwana Yesu, naogopa. Mshike Mama. Nishike na mimi hadi jioni." Alirudia polepole hadi pumzi zikatulia. Mwalimu wake, Bi. Ndunge, alimkuta hapo macho yakiwa mekundu. Alipoulizwa, Ivyne alimweleza yote bila kuficha. Tangu siku hiyo, mwalimu alikuwa akipita nyuma ya darasa saa hiyo, akisimama kando yake kimya hadi amalize kuomba.

Hakukosa shule tena, na Mama hakupoteza kazi. Lakini kadiri hofu ilivyopungua, kitu kingine kilichukua nafasi yake. Jumamosi moja, wakichambua sukuma wiki, Ivyne aliangusha kisu na kuanza kulia kwa sauti, kilio ambacho hata mazishini hakukitoa.

"Namtaka Baba," alisema. "Namtaka tu."

Mama alimkumbatia, naye akalia.

"Lia, mwanangu. Hofu ilikuwa imekuziba hata ukashindwa kumlilia. Ukibanwa moyoni, usidanganye wala usijifiche. Mwambie Mungu hata kama ni katikati ya mchana, kisha mwambie mtu mzima unayemwamini. Kuomba hakutamrudisha baba yako, Ivyne. Ila hatutamlilia tena kila mmoja wetu peke yake kwenye kona yake."

Wakakaa hivyo, mboga zikiwa mapajani, hadi wote wawili wakanyamaza.