Sauti Katika Kompyuta Iliyokufa

Kompyuta ilipozimika, kitu cha kwanza kilichomtia Wanjira wasiwasi kilikuwa harufu.

Alikuwa akiongea na mumewe, Nyaga, aliyekuwa akifanya kazi ya upishi hotelini huko Doha. Uso wake ulikuwa umejaa kwenye skrini, anacheka, anamwambia binti yao Mukami amwonyeshe pengo la jino. Mara picha ikaganda. Mdomo wa Nyaga ukabaki wazi, skrini ikawa nyeusi tititi, na sebule nzima ikanuka nywele zilizoungua, kama kichwa cha mbuzi kinapobabuliwa motoni.

"Stima imepotea?" akauliza Celina, mama mkwe wake, kutoka jikoni.

"Hapana, Shosho," akajibu Wanjira, akimwita bibi kama Mukami alivyomwita. "Taa bado inawaka."

Wanjira alibonyeza kitufe cha kuwasha. Feni ikanguruma, mashine ikalia pii, kisha kimya. Akachomoa nyaya zote akazirudisha. Akajaribu tena na tena. Wapi!

Kesho yake fundi Kivuti alikuja kwa boda boda kutoka mjini Runyenjes, mkoba mgongoni. Alifungua kasha, akapuliza vumbi, akatoa vipande vya kumbukumbu akavisugua kwa kifutio cha penseli, akavirudisha. Haikuwaka. Mwishowe akainamisha sikio.

"Sikia hiyo kta, kta, kta. Hiyo ni diski, mama. Diski ndiyo inaweka kila kitu. Bila diski, hii ni sanduku tu."

Akafungua skrubu zilizoishika diski, akaitia diski mkobani ili akaijaribu dukani kwake. Lakini alipokuwa akifunga mkoba, alinusa vidole vyake, akakunja uso.

"Mlichoma nini humu ndani?"

"Nilidhani ni kompyuta imeungua," Wanjira akasema.

"Hakuna kitu kimeungua. Nimeangalia kila mahali." Akaitazama kidogo skrini nyeusi, kisha akaondoka bila hata kumaliza chai yake.

Alasiri ya siku iliyofuata ukungu ulishuka ukafunika mibuni yote. Wanjira alikuwa akitoka shambani na kikapu cha kahawa aliposikia Mukami akiongea sebuleni, tena kwa furaha. Akaingia.

"Unaongea na nani?"

"Na Baba."

Nyaga alikuwa kwenye skrini.

Kikapu kilimponyoka Wanjira, kahawa ikatawanyika sakafuni. Diski ilikuwa Runyenjes. Aliiona kwa macho yake ikitiwa mkobani. Na kile kitu kilichokuwa kikimtazama kilivaa shati lile lile la siku picha ilipoganda, kichwa kimeinama upande ule ule, ila nyuma yake hapakuwa na kitanda cha bweni la wafanyakazi alimolala Nyaga wala ukuta. Palikuwa na giza. Tena hakikupepesa macho.

"Mama Mukami," kikasema, na sauti ilikuwa ya Nyaga kabisa, hata ule ukwaruzo wake. "Mbona unasimama mbali hivyo? Mwambie mtoto aweke mkono hapa kwenye kioo. Nimemkosa sana."

Mukami alikuwa ameshainua kiganja. Wanjira akamshika, akamvuta nyuma yake. Kwa mkono mwingine akampigia Nyaga simu. Ilikuwa imezimwa, kama kawaida akiwa kazini.

"Unanishuku?" kikauliza, taratibu.

"Kama wewe ni mume wangu," Wanjira akasema kwa sauti ya chini, "siku uliyoondoka, pale stendi ya mabasi, uliniambia nini sikioni?"

Mdomo wa uso ule ukaanza kufunguka na kufumbika upesi upesi, na kutoka humo zikamwagika sauti, moja juu ya nyingine, ya Celina ikiuliza kama stima imepotea, ya Kivuti ikisema hiyo ni diski, mama, ya Mukami ikicheka juu ya jino lake, ya Wanjira mwenyewe akiomba dua ya asubuhi, kila neno lililowahi kusemwa karibu na meza ile, hata siri ambazo Wanjira alimnong'oneza Nyaga kwenye skrini mtoto akiwa amelala, na hapo Wanjira akaelewa kuwa hakikumjua Nyaga hata kidogo, kilikuwa kimekaa tu humo sebuleni mwao siku zote hizo, kinasikiliza.

Akachomoa waya kwenye soketi. Skrini haikuzimika.

"Shosho!" akapiga kelele. "Chukua mtoto! Mwite Wambeti!"

Wambeti alikuwa jirani yao, kiongozi wa maombi kanisani, mama ambaye watu walimwita wakati hospitali imeshindwa. Alifika mbio, leso imemlegea kichwani, akachungulia mara moja tu.

"Leta blanketi," akanong'ona. "Usikiangalie machoni."

Wakaifunika mashine na skrini yake, wakazibeba hadi kwenye shimo la choo cha zamani nyuma ya nyumba. Walipofika ukingoni, blanketi likasema:

"Mama. Mama, nina baridi. Unanizika nikiwa hai?"

Celina, aliyekuwa amemwacha Mukami nyumbani kwa Wambeti, akaanguka magotini akaanza kulifunua blanketi kwa mikono yote miwili. "Ni mwanangu! Ni sauti ya mtoto wangu!"

Wanjira akamkumbatia kwa nyuma, akambana kwa nguvu. "Siye, Shosho. Kimeiba tu sauti yake. Nakuomba. Siye."

"Wewe uliyeingia bila kukaribishwa," Wambeti akasema, sauti inamtetemeka lakini hakukoma, "hapa huna mama, huna mke, huna mtoto. Kwa jina la Yesu, toka!"

Akasukuma kwa mguu. Vitu vikaporomoka shimoni, na ile sauti ikaenda navyo chini, ikimwita mama, ikimwita mama, mpaka ikawa mlio tu usio wa mtu wala mnyama, kisha kukawa kimya. Wakafukia kwa mawe na udongo. Walipoinuka, hewa ilinuka majani mabichi na mvua. Celina alilia kama aliyetoka kuzika kweli.

Jua lilikuwa halijazama simu ya Wanjira ilipolia. Nyaga.

Hakumsalimu. "Pale stendi uliniambia nini?"

"Hee! Maswali gani haya?" Akashusha sauti. "Nilikuambia naogopa. Kwamba naogopa kwenda, na usimwambie mtu."

Wanjira akaketi chini kwenye nyasi, machozi yakamtoka. Alikuwa yeye. Alikuwa mzima.

"Sasa unalia nini?" Nyaga akauliza, kicheko kinamwishia mdomoni. "Si sasa hivi tu ulikuwa unacheka?"

"Wapi?"

"Hapa, kwenye kompyuta ya bweni. Wewe na Mukami. Nimeona mnacheka bila sauti, nikasema labda sauti ni mbovu, acha nipige simu. Lakini... Wanjira, kwenye picha hujashika simu yoyote."

"Nyaga, toka humo chumbani. Toka sasa hivi!"

Wanjira alisikia pumzi za Nyaga, na nyuma ya pumzi hizo sauti ya mwanamke, tulivu, yenye mapenzi. Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

"Baba Mukami," ikasema, "kata hiyo simu."

Simu ikakatika.