Sanduku la Mpolandi

Leokadia Kalinga alimchukia Jailos kabla hajalijua jina lake. Treni ya Dar es Salaam ilikuwa imeingia stesheni ya Mbeya, watu wanasukumana na mizigo yao, na kijana mmoja mwenye afro, suruali ya bugaluu ya kijivu na viatu vya raizoni akamkanyaga kidole.

"Huna macho?"

"Ninayo, dada. Yalikuwa kwako, ndiyo maana miguu ikapotea."

"Viatu vya kufikia dari hivyo ungeviacha nyumbani."

"Nikiviacha utaniona mfupi."

Alikuwa mfupi kweli. Leokadia akajizuia kucheka, akaweka sawa gauni lake la krimplini, akaondoka akichechemea. Alikuwa opereta wa simu, na Mbeya ya mwaka ule wa sabini na sita haikuwa mji wa kumficha mtu. Siku chache baadaye sauti ile ile ikaingia kwenye laini: "Opereta, niunganishe na yule niliyemkanyaga." Akamkatia. Jailos akapiga tena. Mapenzi yao yalianza hivyo, na hata walipopendana kwelikweli ugomvi haukuwahama.

Mwaka uliofuata Jailos, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga picha, alikwenda Ifunda, Iringa, kujitambulisha kwa mama wa mchumba wake. Huko akaoneshwa sanduku. Wakati wa vita vya Hitla, Wapolandi waliokimbia kwao waliwekwa kambini pale Ifunda. Mama Kalinga, msichana bado, alimfulia nguo mmoja wao, mwanamke aliyeitwa Leokadia, naye Mpolandi yule alimuuguza kwa mikono yake alipougua nimonia. Vita vilipokwisha Mpolandi yule alipelekwa Kanada. Kwa hiari yake aliacha sanduku la karatasi zake: cheti cha ubatizo, kadi ya kambi, barua, na picha za watu wa kwao wamesimama kwenye theluji. "Nitunzie mpaka nirudi," alisema. Mama akatunza. Kila kiangazi alizianika juani mchwa wasizile, na alipopata binti akampa jina la mwenye sanduku.

"Picha zinafifia," alimwambia Jailos. "Mwanangu, wewe ni fundi. Zichukue ukazitengeneze, kisha uniletee sanduku langu."

Jailos alizitengeneza. Kisha akapata anwani kwa padre mmoja, akalituma sanduku zima Kanada kwa posta, na kwa furaha yake akapiga simu kazini kwa mchumba.

"Mpenzi, kaa vizuri. Nimempelekea yule mama wa Kipolandi vitu vyake."



"Nani alikutuma?"

"Moyo wangu. Kwani si vyake?"

"Umemfukuza, Jailos."

"Nimemfukuza wapi? Yuko Kanada."

"Alikuwa kwetu. Mtu akiacha kitu chake kwa watu, hajaondoka, pale ni kwao. Ukimrudishia mwenyewe hajaomba, umemwambia asikanyage tena. Lakini wewe umekulia machimboni Makongolosi, watu wanakuja na kupotea, ungeyajulia wapi?"

"Usinitukanie nilikokulia."

"Bado sijaanza kutukana."

Leokadia akapanda basi kwenda Ifunda kumpa mama habari. Mama ambaye hakulia hadharani hata kwenye msiba wa mumewe alililia sanduku, akasema posa ya kijana yule isiletwe kwake. Binti alirudi Mbeya amekusudia kuachana. Bado alimpenda, na hilo ndilo lililomzidishia hasira. Akakusanya kila kitu cha Jailos kilichokuwa chumbani kwake Ilomba, akamwita aje achukue.

Jailos akaja mchana wa Juni, baridi inakata masikio.

"Redio yako. Santuri zako. Picha zako."

"Hizo zina sura yako."

"Chukua."

Jailos akazitia kikapuni bila kumtazama. Halafu akasimama.

"Baba yangu alifukiwa na kifusi Makongolosi. Sina picha yake hata moja. Najaribu kuikumbuka sura yake, siipati. Mama yako amekaa na sura ya mama wa mwenzake miaka yote hii, na mwenyewe anazeeka huko mikono mitupu."

"Ungemuuliza mama kwanza."

"Angekataa."

"Ndiyo, angekataa."

"Nilijua. Ndiyo maana sikuuliza."

Leokadia alitamani kumzaba kofi. Alimwonea uchungu mama yake, akamwonea uchungu na yule bibi wa Kanada asiyemjua hata kwa sauti, na hakuona njia ya kuwaridhisha wote wawili.

"Nipe na koti langu niende," Jailos akasema. "Lile pale msumarini."

"Koti sikupi."

"Na baridi hii?"

"Nimesema sikupi. Linabaki hapa."

Jailos akamtazama.

"Na mama?"

"Mama nitazungumza naye mimi. Atanisema mwaka mzima. Wewe nenda, bado nina hasira na wewe."

Akatoka na shati lake la mikono mifupi, meno yanagongana, na hakuliulizia koti tena.