Pepo wa Kutoka Voi

Treni ya Mombasa iliposimama stesheni ya Voi, abiria wengi walishuka, lakini aliyeshuka kwa madaha kuliko wote alikuwa ngoma. Ndiyo, ngoma. Ndefu kama mtu mzima, imefungwa magunia kiunoni, imebebwa na wapagazi wawili waliolaumiana tangu behewani hadi dirisha la mizigo. Ilikuwa imetoka kwenye maonyesho ya Mombasa, na sasa ilikuwa inarudi nyumbani milimani.

Karani wa mizigo aliitazama, akailamba ncha ya kalamu, akaitazama tena.

"Hii niiandike nini?"

"Andika ngoma," alisema msichana aliyekuja kuipokea.

"Dada, hapa mimi nina godoro, baiskeli, kuku na jeneza. Ngoma sina."

"Andika jeneza," sauti ikatoka nyuma ya foleni. "Ila mwambie marehemu asituamshe."

Foleni nzima ikacheka. Msichana akageuka taratibu, kama mtu anayetafuta nzi wa kumpiga. Alimwona kijana mwembamba, amevaa shati la maua lenye kola pana kama masikio ya ndovu, suruali iliyobana mapajani ikaja kufunguka chini kama tarumbeta mbili, na viatu vya soli nene kama matofali. Nywele zake zilichanwa zikasimama kote kote. Hii ilikuwa miaka ya sabini, na kijana huyu hakutaka mtu yeyote asahau.

"Wewe ni nani wa kuzika ngoma ya nyanya yangu?"

"Naitwa Nzioka, dada. Fundi wa magurudumu pale kituo cha petroli. Mimi siziki mtu, naziba pancha tu."

"Basi anza na huo mdomo."

Foleni ikacheka tena, safari hii upande wa msichana. Nzioka naye alicheka, lakini moyoni alikuwa ameshapigwa. Gauni la manjano, kitambaa cheupe kichwani, na jicho linalokukatia bei kabla hujasema unauza nini! Akaviacha vifurushi vyake vya mipira ya ndani ya magurudumu hapo dirishani, akajitwika upande mmoja wa ngoma bila kuombwa.

Njiani kuelekea lori la mboga lililokuwa likisubiri, mkono ulimwasha. Akaipiga ngoma makofi mawili matatu. Msichana akamchapa mkono.

"Hiyo haipigwi na kila mtu. Hiyo ni ya mwazindika, mchezo wa jadi wa kwetu milimani. Ikipigwa ovyo inaita wageni."

"Wageni gani?"

"Wasioonekana."

"Afadhali mimi ninayeonekana. Sasa mpenzi, jina lako nani?"

"Mpenzi wa nani? Wakio. Na kama unataka kujua zaidi, napiga taipu ofisi ya ushirika wa mboga, Wundanyi. Simu ipo. Meneja pia yupo."

Meneja alikuwepo kweli. Jina lake Bwana Thadeus, na simu ilikaa mezani kwake kama yai chini ya kuku. Kila Nzioka alipopiga kutoka kituo cha petroli, ilibidi kwanza ampitie huyo.

"Ushirika wa mboga, nani?"

"Ni Nzioka, mzee. Naulizia kabichi."

"Kabichi gani?"

"Ile ya gauni la manjano."

"Wakio!" Thadeus alipiga kelele bila kuziba mdomo wa simu. "Yule mtu wa pancha!"

Kisha Wakio angekuja, sauti ya chini, meneja akijifanya anasoma gazeti.

"Unataka nini wewe?"

"Nimekosa usingizi, sukari yangu."

"Kunywa maziwa. Huku kwetu Werugha yapo."

"Niletee."

"Njoo unywe mwenyewe."

Wiki zikapita hivyo, kwa kabichi na maziwa, mpaka siku moja Wakio akasema neno la maana. Binamu yake Peris alikuwa anaolewa nyumbani kwao Werugha. Nzioka alikuwa amealikwa.

"Lakini sikiliza vizuri, Nzioka. Baba yangu, Mzee Mwandawiro, ni mzee wa kanisa. Nyanya yangu Mghoi ni mkubwa wa ngoma. Wanakaa boma moja na kila mmoja anamwombea mwenzake abadilike. Asubuhi ni kwaya ya Baba, alasiri ni ngoma ya Nyanya. Wewe njoo, vaa vizuri, ule, usimame kando, utazame. Nataka Baba akuone ukiwa mtu."

"Kwani mimi ni nini?"

"Hilo ndilo tunaenda kujua."

Nzioka alimsimulia rafiki yake Maundu habari hiyo, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Maundu alikuwa mshauri wa mapenzi wa mji mzima wa Voi ingawa mwenyewe hakuwahi kupendwa na mtu.

"Kusimama kando? Wewe, Mkamba, usimame kando ngomani? Wale wanacheza kwa mabega tu, bwana. Ruka mbele yao mara moja uone."

Nzioka hakuhitaji kusukumwa sana. Kijijini kwao Ukambani, kabla wazazi wake hawajahamia Voi, alikuwa ameicheza mbeni, ile ngoma ya vijana ya filimbi na sarakasi. Huko kwao, kijana aliyempenda msichana alijirusha hewani mbele yake, watu wote wakiona. Kisha wazee walimwita, wakamuuliza anatoka kwa nani na anataka nini. Naye alijibu kwa sauti, kiume. Hakuna aliyemcheka. Walichocheka ni kijana kukaa kando kama mzigo.

Basi alifika Werugha ukungu ukiwa umeshuka hadi kwenye migomba. Akamsalimu Mzee Mwandawiro kwa Kidawida alichojifunza njiani.

"Kwawuka!"

Ilikuwa saa tisa alasiri, na hiyo ni salamu ya asubuhi. Mzee, aliyevaa koti jeusi na tai, alimtazama kuanzia nywele hadi matofali ya miguuni.

"Niliamka, kijana," akajibu. "Muda mrefu sasa."

Haikuwa mbaya sana. Wakio, aliyekuwa akipitisha sinia la wali, alimkonyeza. Nzioka akala, akasimama kando. Alisimama kando vizuri kabisa mpaka ngoma ilipoanza.

Wanawake walijipanga mistari miwili, leso kiunoni, mabega yakitetemeka kama maji yanayokaribia kuchemka. Ngoma ile ndefu ilinguruma, sauti ikampanda Nzioka kupitia soli zote zile nene. Wakio aliingia mstarini. Mabega yake! Mkono wa Nzioka ulianza kuwasha, halafu goti, halafu akili ikamruka. Akakimbia katikati ya uwanja, akajirusha juu, akazunguka hewani, akatua. Akarudia. Mara ya tatu kiatu kimoja kilimtoka kikaruka peke yake, kikapita juu ya kwaya ya kanisa na kutua kwenye sufuria ya pilau.

Sasa msomaji, shika hapa. Kwa akina Nyanya Mghoi, mtu anayejirusha ovyo katikati ya ngoma hachezi. Amepandwa na pepo. Na pepo ana utaratibu wake: anafunikwa leso, anazidishiwa ngoma, kisha mkubwa wa ngoma anamhoji. Akisema anachotaka, kiwe sukari, kiwe marashi, kiwe kanga mpya, anapewa. Asipopewa hatoki, na nyumba iliyomnyima haitalala.

"Amepandwa!" mama mmoja akapiga yowe. Ngoma zikaongezwa kasi. Nzioka akasikia kasi ile, akajua amewafurahisha, akaongeza sarakasi. Wakamrushia leso kichwani. Akashukuru kwa heshima hiyo. Wakammwagia maji, akaona hawa watu ni wakarimu mno. Mwishowe akaanguka magotini, anahema, hoi, mwenye furaha ya mshindi.

Nyanya Mghoi akamwinamia. Alizungumza Kiswahili, maana pepo wa viatu kama vile hawezi kuwa wa milimani.

"Wewe uliyekuja, unatoka wapi?"

Nzioka chini ya leso akatabasamu. Kumbe na huku wanauliza!

"Natoka Voi!"

Wanawake wakanong'onezana. Pepo wa Voi hawakuwahi kumsikia.

"Unataka nini?"

Akavuta pumzi, akajibu kama mwanamume wa kwao.

"Namtaka Wakio!"

Ngoma zikakatika. Kuku mmoja alilia mahali. Nzioka alipoitoa leso usoni, cha kwanza alichoona ni Wakio, macho yamejaa machozi ya hasira, anakimbilia ndani. Cha pili alichoona ni Mzee Mwandawiro akija, na mkononi ameshika kiatu chenye pilau.

"Chukua," mzee alisema. "Barabara ni ile."

Jumatatu simu ya ushirika ililia mapema.

"Ushirika wa mboga."

"Mzee Thadeus, naomba Wakio."

"Amesema hayupo. Yuko hapa mbele yangu anaipiga taipu kama mtu anayeua nyoka, lakini amesema hayupo."

Jumanne hayupo. Jumatano hayupo. Alhamisi Thadeus mwenyewe alichoka. "Wewe mama, mjibu huyu mtu, kabichi zangu zinaoza!" Ukasikika mvutano, kisha ile sauti.

"Una nini tena?"

"Wakio, roho yangu, nimekosa nini?"

"Unaniuliza? Nyanya yangu amelinda ile ngoma maisha yake yote. Wewe umekuja kujifanya una pepo ili watoto wa kwaya wacheke!"

"Pepo?" Nzioka alikaa juu ya gurudumu la lori. "Pepo gani?"

"Usijifanye hujui. Ulifunikwa, ukahojiwa, ukajibu!"

"Si niliulizwa natoka wapi na nataka nini? Kwetu kijana akijirusha mbele ya msichana huulizwa hivyo hivyo! Mimi nilidhani wananikaribisha. Wakio, mimi nilikuwa nakuposa!"

Kisha Nzioka akasikia kitu kama mtu anayekabwa, kumbe ni Wakio ameziba mdomo kwa karatasi ya kaboni.

"Kwa hiyo hukudhihaki?"

"Nilijirusha mpaka mgongo ukateguka, hiyo ni dhihaka?"

"Na maji waliyokumwagia?"

"Nilidhani mnaona nina joto."

Hapo Wakio alicheka mpaka Bwana Thadeus naye akaanza kucheka bila kujua sababu. Alipopata pumzi, sauti yake ilishuka.

"Nzioka, sasa mambo ni mabaya. Nyanya na wenzake wanasema pepo ameomba na amenyimwa. Ng'ombe akikataa kukamuliwa, ni wewe. Moshi ukirudi jikoni, ni wewe. Baba anasema pepo hakuna, uko wewe tu mwenda wazimu, na hataki kusikia jina lako. Amesema Jumamosi anamjibu yule mwalimu wa Wundanyi aliyeleta posa."

"Mwalimu gani?"

"Yule wa baiskeli. Hajawahi kuruka popote."

Jumamosi Nzioka alipanda Werugha akiwa na mama yake Katuku na mjomba wake Kilonzo. Alivaa suruali ya kawaida, shati jeupe na viatu vya chini alivyoazima, akaonekana mfupi na mwaminifu. Walikaribishwa sebuleni kwa baridi. Mzee Mwandawiro alikaa upande huu wa meza, Nyanya Mghoi upande ule, na katikati palikuwa na chai ambayo hakuna aliyeigusa.

Kilonzo aliomba radhi kwa niaba ya Wakamba wote. Mzee alimkatiza kwa mkono.

"Nina swali moja kwa kijana. Jibu mbele ya watu. Siku ile ulikuwa na pepo au hukuwa naye?"

Nzioka alilipima swali pande zote mbili. Akisema alikuwa naye, mzee wa kanisa hampi binti mwenye pepo. Akisema hakuwa naye, amemwaibisha Nyanya mbele ya wageni, kwamba hawezi kutofautisha pepo na mchezaji. Alimtazama Nyanya. Yule bibi alikuwa amenyooka kitini, lakini vidole vilikuwa vikikunja pindo la leso. Hakuweza kumfanyia hivyo.

"Mzee," alisema polepole, "kilichonipata siku ile mimi mwenyewe sijui jina lake. Wewe na Nyanya ndio wajuzi. Ninachojua, nilichokisema nilikimaanisha, na hata leo nakimaanisha nikiwa nimekaa."

"Hilo si jibu."

"Ni jibu, Baba." Wakio alikuwa amesimama mlangoni, amevaa lile gauni la manjano. "Baba, wewe unaamini pepo?"

"Siamini! Unajua siamini."

"Basi aliyeniomba ni Nzioka, akiwa na akili zake timamu, mbele ya ukoo na kwaya. Na wewe Nyanya, unaamini?"

"Nimewahoji wangapi!"

"Basi pepo ameomba, na wewe ndiye uliyetufundisha kwamba hanyimwi. Mimi nimewasikiliza wote wawili na naona mnasema jambo moja."

Mzee Mwandawiro aliangalia dari. Alilitafuta kosa katika hesabu ile, kama mtu anayetafuta miwani huku ameivaa, asilione. Upande wa pili Nyanya alianza kutabasamu taratibu. Katika maisha yao ya kubishana, ilikuwa mara ya kwanza wote wawili kushinda.

"Na yule mwalimu?" mzee aliuliza kwa unyonge.

"Mwalimu alikuuliza wewe. Hata huyu," Wakio akamgeukia Nzioka, kidole kimenyooka, "aliwaambia wapiga ngoma. Nchi nzima imeulizwa isipokuwa mimi."

Mama Katuku akamfinya mwanawe. Nzioka akasimama. Mwili mzima ulitaka kupaa. Aliushikilia kwa nguvu zote, mikono imenyooka ubavuni, magoti yamekaza, pumzi imebanwa.

"Wakio," alisema. "Utanikubali?"

"Nitakukubali."

Mzee akavuta kikombe chake na hatimaye akanywa chai. Kilonzo akapiga mbinja. Lakini Nzioka bado alisimama pale pale kama mwiko uliochomekwa ugalini, hatikisiki, jasho linamtoka, machozi yanamtoka, anaogopa kwamba akilegeza hata kidole atagonga dari.

Nyanya Mghoi alimtazama kwa muda, uso ukibadilika.

"Huyu mtoto mbona amekauka hivi?" akauliza, akisukuma kiti nyuma. "Hii si kawaida yake. Jamani, amepandwa! Leteni ngoma!"