Diski ya Pili

Kompyuta ilikuwa na diski moja, lakini skrini ilisema zipo mbili.

Digrii aliitazama ile mistari miwili myeupe juu ya weusi, akafuta miwani kwa upindo wa shati, akaitazama tena. Diski ya kwanza aliijua. Hiyo ndiyo iliyobeba kumbukumbu za wateja, nayo aliambiwa asiiguse hata kwa bahati mbaya. Ya pili haikuwa na jina la kiwanda. Alisoma ukubwa wake, akaandika tena amri ileile ya kuorodhesha, na ukubwa ukawa mwingine. Akairudia amri. Umepungua. Akairudia. Umeongezeka, kama kifua cha mtu aliyelala.

"Kebo imelegea," alijiambia. Msomi haogopi kebo.

Fundi yeyote wa kibandani angelifungua boksi la kompyuta achungulie ndani. Lakini Madamu, mwenye duka, alikuwa ametoa sharti moja tu: boksi lisifunguliwe, marehemu mume wake hakupenda. Na Digrii hakuwa katika hali ya kubishana na sharti la mtu yeyote. Tangu siku aliyovaa joho akapigwa picha ameshika karatasi iliyoviringishwa, alikuwa amepeleka CV kwenye kila mlango wenye kitasa, na kila mlango ulimjibu kwa Kizungu kilichopigwa pasi: we regret to inform you. Wana-regret kitu gani? Mtoto wa shemeji yao alikuwa ameshakikalia kiti kabla tangazo halijabandikwa. Hata hilo jina la Digrii hakupewa kwa heshima. Majirani walimpa. "Digrii, njoo utubebee ndoo! Digrii, njoo uwashe jiko kwa hiyo GPA!"

Leo ndiyo ilikuwa chance. Duka lilikuwa la udobi, lenye mashine za kufulia mbele na, nyuma, chumba kirefu kisicho na dirisha, ambamo nguo zilizofuliwa zilining'inia kwenye bomba la chuma, kila moja ndani ya nailoni yake, zikisubiri wenyewe. Kompyuta ilikuwa kwenye kona ya chumba hicho. Mezani katikati ya chumba, akiwa na pasi yake ya mvuke, alisimama dada yake. Ndiye aliyempigia magoti Madamu, na ndiye ambaye Digrii alikuwa akilala kwenye kochi lake.

"Kompyuta ikiamka kabla wateja wa jioni hawajaingia, kazi ni yako," Madamu alikuwa amesema asubuhi. "Ukiiua, huyu dada yako mtaongozana naye. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Madamu," Dada alijibu kwa niaba ya ukoo mzima.

Sasa ilikuwa mchana, saa ya chakula. Madamu ametoka, mbele hakuna mteja, na mashine zote zimetulia.

"Wewe!" Dada aliita bila kuinua kichwa.

"Sema."

"Sema nini? Mtu akiitwa anaitika naam. Chuo kimekufundisha yote hayo, kumbe kikakuibia naam."

"Dada, niko kwenye command line. Usinichanganye."

"Komandi laini, komandi ngumu, mimi ninachotaka kesho tuje hapa wote wawili."

Digrii alicheka peke yake. Mfumo aliokuwa anaupandisha ulikuwa ule huria, wa bure, usio na picha za kubofya wala mshale wa kufuata. Unapewa weusi mtupu na kijistari kinachopepesa, unaandika amri, mashine inatii. Unachagua diski, unaifuta, unaigawa vyumba, unashusha mfumo wa msingi, unampa mtumiaji jina na ruhusa, unaiwasha upya, basi. Na kwa kuwa diski zilikuwa mbili, akaamua kisomi kabisa: kumbukumbu za wateja zibaki salama kwenye ya kwanza, mfumo mpya ukae kwenye ya pili.

Akaandika amri ya kufuta diski ya pili. Mashine ikamuuliza: diski hii inatumika, niendelee?

Waliowahi kufanya kazi hii wanajua. Mashine ina maswali kuliko mama mkwe, na kidole huzoea kubonyeza y, yaani ndiyo, kabla jicho halijasoma. Digrii akabonyeza y.

Nyuma yake hanga zikagongana. Chr, chr, chr, kutoka mwanzo wa bomba hadi mwisho, kama mtu anayepita akizigusa kwa vidole. Akageuka. Nguo zimetulia. Feni ilikuwa imezimwa.

"Dada, unaunguza kitu? Kuna harufu ya nywele."

"Labda akili zako hizo. Pasi yangu safi."

Akarudi kwenye skrini. Mfumo ulishuka haraka ajabu, mistari ikikimbia kwenda juu kama inafukuzwa. Mashine ikadai jina la mtumiaji wa kwanza, na Digrii, kwa upendo na kwa utani, akaandika dada, ili aliyembeba mgongoni awe wa kwanza kuingia. Ruhusa? Watu makini humpa mtumiaji kidogo tu. Wavivu humpa zote, wapumzike na malalamiko. Akampa zote.

Hapo skrini ikabadilisha lugha.

Mwenye jina hili yuko karibu?

Akatabasamu. Kumbe siku hizi kuna watu wanajitolea kuutafsiri mfumo huu kwa Kiswahili. Bila mshahara, wajinga kama yeye. Kidole kikabonyeza y.

Niingie?

y.

Nailoni zote chumbani zikanywea kwa pamoja, zikaganda kwenye makoti na magauni kama midomo inayonyonya, kisha zikaachia. Mlio wa mvuke wa pasi ukakatika.

"Dada?" aliita. "Njoo uone, imekubali!"

"Naam," sauti ikajibu.

Digrii akabaki na mkono hewani. Dada yake, tangu akiwa mtoto, huitika abee. Humwitikia abee mwenye duka, humwitikia abee mpangaji mwenzake, humwitikia abee hata mtoto wa jirani anayeomba maji.

"Dada, acha mchezo."

"Naam," ikasema tena, na safari hii alisikia kwamba sauti haikutoka mezani, ilitoka katikati ya nguo, ikasogea kutoka koti hadi koti, na kila ilipopita mikono ya makoti ilijaa, ikatuna kama imevaliwa, kisha ikanywea, mpaka ikafika lilipokuwa vazi la mwisho chumbani, ambalo halikuwa kwenye hanga, lilikuwa limesimama kwa miguu yake mbele ya meza ya kupigia pasi, na lilikuwa ni dada yake.

Dada aligeuka polepole. Macho ni yake, ila hayakupepesa. Pasi ilikuwa mkononi.

"Nguo nzuri," alisema kwa mdomo wake, kwa sauti ileile iliyoitika naam, ya kiume, yenye adabu. "Ila imekunjamana."

Na alipokuwa anasema hivyo alikuwa ameshaweka kiganja cha kushoto juu ya meza, akakitandaza vizuri kama mtu anayetandaza ukosi wa shati, akaishusha pasi juu yake, ikaunguruma, na harufu ile ya nywele zilizoungua ikawa harufu nyingine ambayo Digrii hakutaka kuipa jina, na Dada hakupiga kelele, hakutetemeka hata kope, alikuwa anainyoosha tu ile ngozi kwenda mbele na kurudi nyuma, kwa utaratibu, kwa ustadi wa mpiga pasi bora wa duka, huku Digrii akirukia ukutani kuchomoa waya, kisha akikumbuka kwamba pasi iliyochomolewa hubaki na moto wake kwa muda mrefu, kisha akimshika dada yake kifundo cha mkono na kukikuta baridi kama bomba la chuma, na kizito hivyo hivyo.

"Hapa pia," sauti ikasema. Pasi ikaanza kupanda kuelekea shavuni. "Hapa chini ya jicho. Amelia sana huyu. Pana mikunjo."

Mlango ukafunguliwa. Madamu alisimama na mfuko wake wa chakula, akaona, na mfuko ukamponyoka.

"Umefungua boksi!"

"Sijafungua! Nimefuta diski ya pili tu!"

"Mule ndani kuna diski moja, mpumbavu wewe!"

Digrii akalivamia boksi kwa mikono mitupu, akang'oa mfuniko. Diski moja. Pembeni, pale ambapo ya pili ingekaa, hapakuwa na waya wowote. Palikuwa na kifurushi cha kitambaa cheusi kilichoshonwa kwa uzi mwekundu, na uzi ulikuwa umefumuka wote, umelala chini umejikunja. Kifurushi kilikuwa kitupu.

Madamu alikuwa ameshakaa sakafuni. Alinong'ona kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. "Mume wangu alikileta kilinde duka. Kikalinda. Halafu kikaanza kumvaa yeye. Fundi mmoja wa uganga ndiye aliyekifunga mule."

"Mpigie!"

Madamu akapiga, akaweka spika. Sauti ya mzee iliyochoka iliwasikiliza mpaka mwisho, kisha ikauliza swali moja.

"Nani kakivunjia nyumba?"

"Mimi," Digrii alisema.

"Basi wewe ndiye wa kukipa nyingine. Hicho hakifukuzwi, mwanangu, hakina pa kurudi. Mimi nilikifunga nikiwa na nguvu zangu. Leo hata kusimama nashikwa mkono. Msinipigie tena." Simu ikakatika.

Pasi ilikuwa imebakiza upana wa kidole kufika kwenye shavu. Nywele za pembeni mwa uso wa Dada zilikuwa zinajikunja kwa joto.

Digrii akajitupa kwenye kiti. Alipogusa kibodi tu, kichwa cha dada yake kikageuka kumtazama, na pasi ikasimama hapo ilipo. Kinasikiliza. Akaandika amri ya kumfuta mtumiaji dada. Skrini ikajibu:

Nitakaa wapi?

Tuseme ukweli. Jina la kwanza kumjia halikuwa lake. Aliandika madamu, herufi kwa herufi, huku mwenye duka akiwa sakafuni nyuma yake akilia, na hakuona aibu. Mwenye kiti na akikalie.

Huyo nilishamkaa mumewe. Amezeeka. Nataka kijana.

Kijistari kikapepesa.

Mwenye elimu.

Kikapepesa tena.

Asiye na kazi.

Digrii akasoma, na kicheko kikamtoka, kikavu, kikamkwaruza koo. Miaka yote hii, barua zote zile, na hili ndilo tangazo la kwanza lililomtaka yeye hasa, bila experience, bila mjomba, bila connection. Akamtazama dada yake. Kiganja chake kilikuwa kimeanza kuvimba, na bado kilitandazwa mezani kwa unyenyekevu, kama kinasubiri zamu.

Akaandika digrii.

Apewe ruhusa zote?

Safari hii alisoma kila herufi. Akabonyeza y.

Niingie?

"Dada," alisema bila kugeuka, "nisamehe kwa kochi."

y.

Kitu kikamwingia kama mkono unavyoingia kwenye mkono wa koti: kwanza mabegani, halafu kwenye viwiko, halafu kikanyoosha vidole vyake ndani ya vidole vya Digrii mpaka kwenye ncha. Kikajiweka sawa. Kikatulia. Nyuma yake pasi ilianguka sakafuni kwa kishindo, na sauti ya dada yake, yake mwenyewe, ikapasuka kwa maumivu, ikaita mama yao.

Skrini ikazimika, ikawaka. Mfumo mpya ulikuwa umekubali. Wateja wa jioni walipoanza kuingia, walihudumiwa na kijana mpole aliyekumbuka nguo ya kila mmoja bila kuuliza jina. Madamu alimtazama kwa mbali, akiwa ameegemea ukuta, hakumsogelea hata mara moja. Wakati wa kufunga aliliongelesha bomba la nguo badala ya kumwongelesha yeye.

"Kesho uje mapema," alisema.

Nyumbani, Dada alikuwa na bandeji mkononi na furaha kifuani. Hakukumbuka kitu. Aliambiwa alianguka na pasi, akaamini, maana mtu aliyepata alichoomba haulizi sana. Alimshika mdogo wake kidevu, akamgeuza kwenye mwanga.

"Ebu ona! Uso umenyooka, hata ile mikunjo ya hasira imeondoka. Kazi ni dawa, jamani."

Digrii alitaka kumwambia. Alitaka tangu dukani, na kila alipotaka, ulimi ulilala ndani ya kinywa chake kama nguo iliyokunjwa vizuri. Dada akaingia jikoni. Sufuria zikagongana. Digrii akakaa kwenye kochi lake, akajaribu kupepesa macho, hayakupepesa.

"Wewe!" Dada akaita kutoka jikoni.

Akabana midomo. Akaibana kwa meno mpaka akaonja damu, akashika shingo yake kwa mikono yote miwili, akakaza.

"Naam," sauti ikaitika kutoka chini ya mbavu zake, tulivu, yenye adabu.

Jikoni Dada alicheka, kicheko cha mtu aliyerudishiwa kitu chake. "Haya! Kazini siku moja tu, naam yake imerudi!" Na kwa raha tu ya kuisikia tena, akamwita mara ya pili.